Ugavi wa vikosi vya ardhini katika Hearts of Iron IV: mwongozo kamili kutoka Mtwara

Katikati ya Oktoba 1917, pale Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana siku nne. Waliokuwa wakifa kwa wingi pande zote mbili walikuwa Waafrika. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa, na Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akahesabiwa mshindi. Lakini risasi alizozimaliza pale hakuwa na pa kuzipata tena: pwani ilishatekwa, Reli ya Kati ilishatekwa, meli haziji. Mwezi uliofuata akavuka Ruvuma, na kazi yake ya kwanza ng'ambo, huko Ngomano, ikawa kuwavamia Wareno na kubeba bunduki na risasi zao. Kikosi chake kingine chini ya Tafel, kilichokuwa kinatoka Mahenge kuja kuungana naye, kiliweka silaha chini siku hizohizo kwa njaa.

Wachezaji wengi ninaokaa nao hapa Mtwara wanapoteza vita vya kwenye kompyuta kwa njia hiyohiyo, kisha lawama zinawaangukia majenerali, vifaru, au gemu lenyewe. Mwongozo huu ni wa Hearts of Iron IV, gemu la mkakati la Vita Kuu ya Pili ya Dunia, la kampuni ya Paradox ya Sweden, lililotoka Juni 2016. Mfumo wa ugavi unaotumika leo uliingia na sasisho la Novemba 2021, kwa hiyo ukikutana na video ya kabla ya hapo inayokwambia upandishe miundombinu ya mkoa na mambo yatanyooka, achana nayo. Inafundisha gemu ambalo halipo tena.

Neno langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatoka humo: idadi ya divisheni unazoweza kuweka mstari wa mbele inaamuliwa na kitovu cha ugavi (kituo cha kugawia mahitaji ya askari) kilicho nyuma yake. Viwanda vyako vinaamua jambo lingine.

Hatua ya kwanza: fuata mzigo kuanzia unakotoka

Ugavi unaanzia mji mkuu wako. Unapanda reli hadi kwenye kitovu cha ugavi, au unafika bandarini, unapakiwa melini na kushushwa bandari ya upande wa pili. Kutoka kwenye kitovu unaenda kwa askari kwa farasi au kwa malori. Basi safari ina vipande viwili au vitatu, na kila kimoja kina ugonjwa wake: reli ina ugonjwa wa daraja (yaani kiwango chake) na vichwa vya treni, bahari ina nyambizi, na kipande cha mwisho kina umbali, mito na matope.

Tenganisha pia vitu vitatu ambavyo wageni wa gemu huvichanganya. Ugavi ni namba moja tu inayobeba chakula, risasi na mengineyo ya kila siku. Mafuta yana hesabu yake. Silaha za kujazia zilizopotea zinatoka kwenye ghala la taifa, nazo zina hesabu yake. Vinakutana mahali pabaya: ugavi ukipungua, silaha zinaanza kupukutika hata bila vita. Unaona alama ya fuvu juu ya divisheni, ghala linakauka, na wewe unaongeza viwanda vya bunduki wakati tatizo ni reli iliyoko kilomita mia nane nyuma.

Hatua ya pili: soma ramani kabla ya kuchora mshale wa shambulio

Simamisha muda, bonyeza F4. Hiyo ni ramani ya ugavi, na kuanzia leo uifungue mara nyingi kuliko ramani ya kawaida. Utaona vitovu, njia za reli zinazoviunganisha, na rangi zinazokuonyesha wapi kuna ugavi wa kutosha na wapi ni jangwa. Weka kipanya juu ya kitovu utakachokitegemea, usome kinapokea kiasi gani na kinatumika kiasi gani. Kisha angalia upande wa adui, mbele ya pale unapotaka kwenda: kitovu chake cha kwanza kiko wapi? Cha pili? Kati yake na chako kuna mito mingapi?

Ukimaliza hapo ndipo uchore mshale. (Na uweke gemu lijihifadhi lenyewe kila mwezi wa kwenye mchezo, siyo kila mwaka. Umeme wa huku kwetu tunaufahamu.)

Hatua ya tatu: tafuta kipande kibovu cha reli

Hapa nitakaa, maana nusu ya matatizo yote yako hapa.

Reli ina daraja la 1 hadi la 5. Kitovu hakipokei kwa wastani wa madaraja ya njia nzima. Kinapokea kwa kipimo cha kipande cha chini kuliko vyote kati yake na mji mkuu. Ukiwa na daraja la 5 kutoka mji mkuu hadi mpakani, halafu vipande viwili vya daraja la 1 baada ya mpaka, una reli ya daraja la 1. Aliyekuwa Mtwara au Lindi Mei 2024 hahitaji maelezo marefu. Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoisomba barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, Somanga ikiwamo. Lami yote iliyobaki nzima, Daraja la Mkapa lililosimama imara juu ya Rufiji, malori yaliyojaa Dar, vyote havikusaidia kitu. Wenye haraka wakazunguka Masasi, Tunduru, Songea. Mbovu ilikuwa sehemu ndogo, iliyosimama ni kanda nzima.

Kwa hiyo usipandishe reli kwa kuburuta kipanya kutoka mji mkuu hadi mwisho ukijiona umefanya la maana. Fuata njia kipande kwa kipande, pandisha kile cha chini peke yake, rudi F4, angalia namba ya kitovu. Ikipanda, tafuta kipande kinachofuata kwa ubovu. Mara nyingi ni mpakani, kwenye reli uliyoiteka juzi, au mahali ndege za adui zimepiga na hakuna aliyekarabati. Kitu kilichobomolewa kipandishe juu kwenye foleni ya ujenzi kabla ya kiwanda chochote kipya.

Kama njia imenyooka na namba bado ndogo, fungua ukurasa wa vifaa uhesabu vichwa vya treni. Watu wanasahau kabisa kwamba treni hutengenezwa. Reli ya daraja la 5 bila treni ni chuma kilicholala. Weka kiwanda kimoja cha treni tangu mwanzo, kabla ya vita, kiende polepole. Vita ikianza na treni zikawa pungufu, utalipa kwa viwanda vitano ulichokataa kulipa kwa kimoja. Na adui anaweza kutuma ndege zake kwa kazi maalumu ya kushambulia ugavi, zikapiga treni na malori yako. Ukiona treni zinapungua bila maelezo, tazama anga juu ya reli. Ndege za kivita unazozihitaji pale huenda umezirundika zote mstari wa mbele.

Kujenga kitovu kipya inawezekana, ila ni ghali na huchukua muda. Mimi hujenga pale tu ambapo pengo kati ya vitovu viwili ni kubwa na nina hakika nitapigana hapohapo kwa zaidi ya mwaka mmoja wa mchezo. Kwingine kote, reli kwanza.

Hatua ya nne: hesabu midomo

Sasa njoo mbele. Kila divisheni ina kiasi inachokula, na namba hiyo unaiona unapoiunda. Askari wa miguu wa kawaida wanakula kidogo. Mizinga inaongeza. Vifaru vinaongeza sana, tena vinadai na mafuta. Jumlisha divisheni zote zinazokula kwenye kitovu kimoja, linganisha na kinachopokea. Hesabu ya darasa la nne, lakini ni wachache wanaoifanya.

Usisahau kwamba kitovu hakina mlinzi wa mlangoni. Washirika wako wanakula hapohapo. Ukipigana Afrika Kaskazini upande wa Uingereza, utaona jambo la kuchekesha na kukera: jangwa lenye reli moja na bandari chache, halafu mataifa manne yanateremsha divisheni zao kuja kusaidia. Wanasaidia kula. Askari wako waliokuwa wanashinda wanaanza kupukutika bila adui kuongeza hata mtu mmoja. Dawa ni ama kuwahi kumaliza kabla hawajafika, ama kupunguza wako mwenyewe ili waliobaki wawe bora kuliko wengi, ama kutafuta mstari wako mwenyewe wa mbele mbali nao.

Kitovu kikielemewa, mimi hufanya kwa mpangilio huu. Kwanza naondoa divisheni, hata theluthi ya jeshi, nazirudisha nyuma kwenye kitovu kingine. Inauma, na wachezaji wapya hawataki kusikia. Lakini divisheni kumi na sita zilizoshiba zinausogeza mstari wa mbele ambao ishirini na nne zenye njaa zimeshindwa kuusogeza, na hili halikugharimu hata kiwanda kimoja. Pili, naongeza kikosi cha usaidizi cha ugavi kwenye divisheni nzito, hasa za vifaru; kinapunguza kiasi zinachokula. Kwa askari wa miguu wanaolinda pwani ni kutupa malori. Tatu, naangalia mkuu wa majeshi aliye juu ya majenerali: wapo wenye sifa ya umahiri wa ugavi, na mmoja wa hao akiwa juu ya mbele yenye dhiki utaiona tofauti. Ujenzi unakuja mwisho kwa sababu unachelewa.

Hatua ya tano: malori

Kutoka kwenye kitovu, ugavi unapungua kadiri unavyoenda mbali. Milima, misitu, vinamasi na hasa mito vinaufupisha zaidi. Kitovu kinachotumia farasi kinafika karibu. Ukikiamuru kitumie malori, kinafika mbali zaidi. Unaamuru kupitia jeshi linalokula hapo au kupitia kitovu chenyewe.

Malori hayo ni yaleyale yanayobeba askari wa miguu kwenye divisheni zako za magari, na yanatoka ghala moja. Ndiyo maana huwa sielewi mchezaji anayeunda divisheni kumi za magari mwaka 1938 halafu vitovu vyake vyote vinatumia farasi. Jaza vitovu vya mbele kwanza, kisha vifaru, na kama kuna ziada unda divisheni za magari. Wala usiwashe malori kila mahali. Mpaka uliotulia hauyahitaji, na yatachakaa bure. Washa pale unaposhambulia, zima ukishafika kitovu kinachofuata.

Kwenye historia ya kusini hii hii farasi na ng'ombe hawakuwa jibu, kwa sababu ndorobo waliwamaliza. Mzigo wa 1917 ulibebwa na watu vichwani, na mpagazi naye lazima ale, tena anakula kutoka kwenye huohuo anaoubeba. Njia ikirefuka vya kutosha, wanaofika wanafika na mzigo mdogo sana. Gemu halina wapagazi, ila mteremko ule wa rangi unaouona kwenye F4 kuanzia kitovuni kwenda nje una mantiki hiyohiyo.

Hatua ya sita: ng'ambo ya maji

Bandari inafanya kazi ya kitovu, na kiwango chake ndicho kinachopima kiasi kinachoshuka. Ili kitu kishuke lazima uwe na meli za mizigo, na lazima zifike. Nyambizi za adui zikizimaliza, bandari kubwa haina maana. Tenga meli ndogo za kivita kusindikiza njia hiyo hata kama zinakufanya ujione mnyonge kwingine.

Unapovamia pwani kutoka baharini, vikosi vinatua na akiba ya siku chache tu. Chagua ufuo ulio jirani na bandari, na lengo la saa za kwanza liwe bandari hiyo. Mji mkubwa ulio ndani zaidi utasubiri. Nimeona divisheni nzuri kabisa zikifia kwenye fukwe kwa sababu mshale ulipita pembeni ya bandari kuwahi mji. Zipo bandari za kuelea unazoweza kuzitafiti na kutengeneza, zinakununulia muda.

Ndege za usafirishaji nazo zinaweza kuangusha ugavi. Zitumie kwa divisheni chache zilizozingirwa au zilizo milimani. Hazilishi jeshi.

Hatua ya saba: ruka kitovu kwa kitovu

Tuchukue vita iliyo karibu nasi kijiografia. Gemu linapoanza Januari 1936, Italia tayari iko vitani na Ethiopia, na ndiyo vita wanayopewa wanaojifunza. Mji mkuu ni Roma, kwa hiyo kila kitu kinapita baharini: kaskazini kinashuka Massawa, Eritrea, kusini Mogadishu, Somalia. Kati ya hapo na Addis Ababa kuna milima, joto na njia mbaya.

Anayeanza huona ana divisheni nyingi kuliko adui, anazichagua zote, anachora mstari mmoja hadi Addis, anaongeza kasi ya muda. Wiki chache baadaye mafuvu yamejaa ramani nzima, ile baa ya kijani inayoonyesha utayari wa divisheni kupigana haijai, na Waethiopia wenye silaha duni wanasimama wima.

Badala yake, simamisha muda. F4. Angalia bandari zote mbili zinashusha kiasi gani, na ugawe divisheni kwa uwiano huo, siyo kwa urefu wa mpaka. Wanaozidi wapeleke Libya au warudishe nyumbani. Upande mmoja ushambulie, upande mwingine ushike tu. Chora mshale mfupi, unaoishia kwenye kitovu au mji wa kwanza wa mbele, siyo Addis. Ukifika, simama. Kitovu ulichokiteka hakianzi siku hiyohiyo kutoa kila kitu. Reli yake lazima iungane na yako, iliyovunjika ikarabatiwe, na uwezo wake upande taratibu. Askari wapumzike, baa ya kijani ijae, mpango mpya ujengeke. Wengi hawawezi kusubiri, na kusubiri huko ndiko kunakoamua vita hii. Kisha mshale mfupi mwingine.

Mpango huohuo ndio wa Urusi. Ukiwa Ujerumani mwaka 1941, usiseme lengo ni Moscow; sema lengo la kiangazi ni vitovu fulani, na ukivipata kabla ya matope ya vuli, simamia hapo ujenge reli. Mchezaji anayefika mbali zaidi ya vitovu vyake Oktoba anakuwa ametengeneza mfuko wa kuzingirwa kwa ajili yake mwenyewe.

Mafuta, kwa ufupi

Mafuta yanatokana na petroli ghafi unayoimiliki au kuagiza, na yanahifadhiwa kwenye matangi. Vifaru, ndege na meli vinayagombania. Yakipungua, meli kubwa za kivita zirudi bandarini zitulie kwanza, ndege za mbele isiyo na vita nazo zitulie. Askari wa miguu hawatumii, ndiyo maana vita ndefu ya nchi maskini ya mafuta inapiganwa kwa miguu na mizinga.

Hatua ya nane: geuza somo kwa adui

Kompyuta inafanya makosa yote niliyoyataja. Inarundika divisheni, haipunguzi, na inategemea vitovu ambavyo mara nyingi inavilinda vibaya. Mbele ikikwama, acha kugonga ukuta. Fungua F4, tafuta kitovu kinachoulisha ukuta huo na reli inayokifikia. Tuma ndege zipige ugavi kwenye eneo lile kwa wiki kadhaa. Kisha divisheni zako nne au tano bora zipenye mahali pembamba, zifuate reli, zikalie kitovu au zikate njia yake, zisihangaike na mji wowote pembeni.

Vikosi vya adui vilivyobaki mbele vitaendelea kuonekana vizima kwa siku chache, kwa sababu kila divisheni ina akiba yake mfukoni. Usivishambulie siku hizo. Shika mduara, hakikisha hakuna bandari iliyobaki ndani yake, na uweke kipanya juu ya divisheni moja yao kila siku kadhaa ukitazama nguvu yake inavyoshuka. Ikishafika chini ya nusu, bonyeza kushambulia.